Nihamishe bustani kwa mwezi wa nani?

Bibi Shamba, shikamoo.

Naandika kutoka Newala. Mume wangu amestaafu mwaka huu na tunarudi kwao Mikindani, kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Hapa tulipo tumepanga miaka 11. Mwenye nyumba ameshauza, na aliyenunua anataka kiwanja kiwe kitupu ikifika tarehe 31 Oktoba. Kirikuu cha kuhamia tumeshakitolea advansi, kinakuja tarehe 28 alfajiri.

Vyombo havininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni bustani ya nyuma. Si kubwa, lakini ndiyo iliyotulisha mboga tangu mtoto wangu wa tatu yuko mgongoni. Nina matembele, kisamvu, mchaichai, rehani, pilipili mbuzi yenye miaka miwili, mpapai unaozaa sasa hivi, na kitaluni kuna miche ya nyanya kama 60, ina wiki tatu. Halafu nina mndimu. Niliupanda mwaka aliofariki mama yangu, huu ni mwaka wa tano, na msimu uliopita ndiyo umezaa vizuri kwa mara ya kwanza. Huo siuachi, Bibi. Naomba usiniambie niuache.

Shida ni mwezi. Bibi yangu mzaa mama alinilea kwenye kulima, na hakupanda kitu bila kutazama juu. Cha kuliwa juu hupandwa mwezi ukikua, cha kuchimbwa hupandwa mwezi ukipungua. Mche haung'olewi mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu, alisema, maji yote ya mti yamepanda kichwani na mizizi imebaki na njaa. Sasa hiyo tarehe 28 mwezi utakuwa umebakiza siku mbili tu upevuke.

Binti yangu aliposikia akaniwekea programu kwenye simu, imetoka Ulaya. Hiyo ina siku za mizizi, siku za majani, siku za maua na siku za matunda, na inasema mwezi wenyewe uko kwenye "kupanda", nisihamishe miche mpaka uanze "kushuka", karibu wiki mbili mbele. Nikampigia wifi yangu anayeishi kwenye nyumba ile ya Mikindani. Yeye, mume wake mvuvi, akaniambia mwezi wa mashamba haujui, ila nisije nikamwagilia kitu kwa maji ya kisima cha uani siku za bamvua. Hakueleza zaidi, simu ikakata. Mume wangu yeye anasema aliyenunua kiwanja haangalii mwezi, anaangalia tarehe.

Ungeniambia nipuuze ningepuuza, lakini niliwahi kupuuza. Mwaka juzi nilipanda nyanya siku mbili baada ya mwezi kupevuka, kwa haraka tu, mvua ilikuwa imenyesha. Zilistawi, zikaanza kutoa maua, halafu zikanyauka zikiwa mbichi kabisa. Majani ya kijani, yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Jioni yanajiinua kidogo, mchana yanalala tena, siku ya nne mche umekwisha. Tuta zima. Bamia nilizopanda siku ileile tuta la pili hazikuguswa. Tangu hapo sijacheza na mwezi.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nifuate mwezi wa nani? Mndimu wangu nauhamishaje? Na tatu, nimeandaa viroba 12 nijaze udongo wa lile tuta la nyanya, ndilo jeusi kuliko yote, lenye rutuba, kwa sababu naambiwa Mikindani ardhi ni mawe. Je, 12 vinatosha?

Mama Mndimu, Newala

—

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimekaa, nilipofika kwenye viroba nikasimama. Kama umeshaanza kujaza, mwaga palepale ulipochota. Tukitoka hapo ndipo tutazungumza habari za mwezi.

Nyanya zako za mwaka juzi sizilaumu kiu. Mche wenye kiu ukipewa maji unaamka na kubaki umeamka. Mwezi nao, hata tukiutwisha lawama zote za dunia, hauwezi kuua tuta moja ukaruka la pili lililopandwa siku ileile. Hiyo sura uliyoieleza, mche kunyauka ukiwa wa kijani, kujiinua usiku na kulala mchana, tuta zima kwa siku chache, na bamia kusalimika, ni sura ya mnyauko bakteria. Ugonjwa huo unapenda ukoo wa nyanya: nyanya yenyewe, bilinganya, pilipili, viazi mviringo. Bamia ni ukoo mwingine.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Siku ukiona mche umenyauka hivyo, kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chukua glasi inayopitisha mwanga, tia maji safi, kining'inize kile kipande ncha ya chini iguse maji, usikitikise. Kaa ukitazama dakika tatu, dakika tano. Kama ni huo ugonjwa utaona uzi mweupe kama wa tui unateremka kutoka kwenye shina kwenda chini, pole pole, unanyooka. Mara ya kwanza kuuona nilidhani ni utomvu tu. Ule uzi ni vijidudu vyenyewe, kwa mamilioni.

Vijidudu hivyo hukaa udongoni miaka. Husafiri kwa udongo, kwa maji yanayotiririka, kwa jembe lisilooshwa na kwa miche iliyokuzwa mahali palipougua. Wewe ulikuwa unavifungia viroba 12 na kuvilipia nauli. Kwa hiyo na miche yako 60 ya nyanya iache, hata kama inapendeza. Najua inauma kuacha miche ya wiki tatu, lakini nyanya ni mbegu. Utasia nyingine Mikindani na kuila mapema kuliko unavyodhani. Pilipili mbuzi vilevile usiing'oe: chukua matunda yaliyoiva mekundu, toa mbegu, anika kivulini. Jembe, panga na reki osha kwa maji na sabuni mpaka udongo utoke kwenye mpini, kisha vianike juani siku nzima kabla ya kuvipakia.

Na ule weusi unaousifia haukuja wenyewe. Ni samadi na majani uliyorundika wewe miaka 11. Mikono iliyoufanya unaondoka nayo.

Haya, mwezi.

Bibi yako na programu ya binti yako wanatumia neno moja kwa vitu viwili, ndiyo maana umechanganyikiwa. Bibi alitazama mwezi unavyokua na kupungua: unaandama mwembamba, unapevuka, unaisha, siku 29 na nusu. Programu, inaposema "kupanda" na "kushuka", inazungumzia njia ya mwezi angani, jinsi unavyosogea kaskazini na kurudi kusini kwa siku 27 na kitu. Simama jioni kadhaa uangalie mahali mwezi unapochomoza, utaona mahali penyewe panahama. Hizo ni hesabu mbili ambazo haziendi pamoja, na mwezi unaweza kuwa unakua kwa hesabu ya bibi huku unashuka kwa hesabu ya simu.

Hizo siku za mizizi na za majani zilienezwa sana na mwanamama wa Ujerumani, Maria Thun, aliyeanza kuchapisha kalenda yake ya kupanda mwaka 1963. Aliitengeneza akiwa kwao, ambako mwezi hupita upande wa kusini tu. Wanaoifuata walio kusini ya dunia huambiwa waigeuze, kupanda kuwe kushuka na kushuka kuwe kupanda. Sisi je? Mtwara na Lindi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi unatupita utosini, siku nyingine umeegemea kaskazini, siku nyingine kusini. Ukiinua kichwa uani kwako utashindwa kujua uigeuze au uiache ilivyo. Mimi ningemwambia binti aifute, nafasi ya simu aitumie kwa picha za wajukuu.

Nguvu yenyewe ya mwezi siikatai, siwezi kuikataa nikiwa nakaa Lindi na kuona bahari ikijaa na kupwa. Lakini bahari inaitika mwezi kwa sababu ni kubwa mno. Ndoo ya maji uliyoiacha uani usiku kucha haijai wala haipwi, na maji yaliyomo kwenye shina la mchicha ni kidogo kuliko ya ndoo. Mwanga nao: mwezi mpevu, pamoja na kung'aa kwake kote, ni hafifu kuliko jua kama mara laki nne. Majaribio ya kupanda mimea ileile siku tofauti za mwezi na kupima mavuno hayajatoa tofauti ya kutegemewa.

Hata hivyo wazee wetu hawakuwa wajinga, na hapa nina jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Watu wa pwani hii walihesabu kwa mwezi mfungo na mifunguo, idi na maulidi. Ila kwa kulima na kusafiri baharini walikuwa na hesabu nyingine, ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wakaugawa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Mwaka wa mwezi una siku 354. Unapungukiwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani tumeifunga kwenye mvua na tumeifunga kwenye kiangazi. Anayepanda mtama kwa mfunguo fulani kila mwaka, baada ya miaka 16 anajikuta anautupa mchangani na mvua iko nusu mwaka mbali. Waliujua mwezi kuliko sisi, na msimu hawakuukabidhi.

Bibi yako naye sidhani kama mwezi ulimpangia msimu. Nina hakika alikuwa anasubiri mvua ishike, halafu ndani ya mvua anachagua siku kwa mwezi. Faida yake ilikuwa nini? Mkulima anayefuata mwezi anatoka nje kila jioni, anajua tuta gani limepandwa lini, hapandi vyote siku moja, hasahau. Utaratibu huo uendelee nao hukohuko Mikindani, hauna hasara. Usiupe tu mamlaka ya kukataza gari lisije.

Tena tarehe 28 imekuangukia vizuri kuliko unavyodhani. Mwezi ukikaribia kupevuka unakuwa umeshachomoza kabla jua halijazama, na huku kwetu mwisho wa Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Mtafika mchana, mtapanga vitanda, mtakula. Magharibi ikishapita una mbalamwezi ya kufanyia kazi. Kipando ulichokitia ardhini usiku kina saa 12 hivi za ubaridi kabla jua halijakiona. Oktoba ni mwezi wa jua kali na mvua bado. Huo usiku mmoja ni mkubwa. Bibi yako aliogopa mizizi ibaki na njaa mwezi ukiwa mpevu. Kinachoiacha na njaa ni jua la saa sita juu ya mizizi iliyokatwa.

Tumfikie wifi yako, maana ndiye aliyesema neno ninalotaka ulishike.

Uandishi wako unaonyesha hukumchukulia maanani sana, na pengine alilisema kwa mkato wa wavuvi. Mvuvi anaishi kwa mwezi. Dagaa wa taa wanavuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti kitu, wanapumzika. Na bamvua ndilo lile jaa kubwa la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo, wakati maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu. Kisima kifupi kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe au mchanga, karibu na bahari, kinasikia bahari. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na bahari ikisukuma kutoka chini, yale ya chumvi yanasogea. Ukichota kwa pupa ndoo 30 asubuhi moja unayavuta zaidi. Sasa wewe unafika siku mbili kabla ya bamvua, na vipando vilivyojeruhiwa mizizi, na mkono wako wa kwanza utakwenda kwenye kisima. Hapo ndipo mwezi utakapokuingilia bustanini, kwa mlango wa maji.

Mpigie tena wifi kabla hujahama, umwombe akuwekee maji ya bomba au ya tangi, madumu manne au matano. Wiki ya kwanza mwagilia hayo. Kisima kionje mwenyewe, siku ya bamvua na tena baada ya wiki, maji yakiwa mafu: kikombe kimoja asubuhi kabla watu hawajachota. Mimi nikishasikia chumvi ulimini siyapi maharage maji yale, maana maharage hayana ustahimilivu kabisa. Mchicha huvumilia zaidi, na mnazi huo hauna habari. Angalia pia ukingo wa kisima na udongo unaomwagiwa kila siku, kama unaacha unga mweupe ukikauka. Desemba mvua ikianza tega mapipa chini ya bati, na udongo wenyewe utaoshwa.

Sasa vitu vyako.

Matembele ni rahisi. Jioni ya tarehe 27 kata marando ya urefu wa dhiraa moja hivi kutoka kwenye ncha changa, toa majani ya chini, yafunge matita, yazungushie gunia bichi. Yanavumilia siku mbili kivulini bila kulalamika. Ukipanda, fukia zaidi ya nusu ya vifundo. Muhogo wa kisamvu kata pingili ndefu za mita moja, zisafiri zimesimama, utazikata fupi za sentimita 20 au 25 siku ya kupanda. Lakini kagua shina mama kwanza: majani yenye mabaka ya njano na kukunjamana ni batobato, na ukimenya gome ukaona michirizi ya kahawia, usibebe. Huku kwetu kusini michirizi kahawia imetusumbua miaka mingi, na kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho wengi wanakijua kwa korosho, hakiko mbali na utakapokaa. Ukikosa mbegu safi, nenda ukaulize kule.

Mchaichai chimba kishina kizima, kipasue kwa panga vipande, kata majani yabaki ya shubiri moja, kisha osha mizizi kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Kuosha huko ni kwa ajili ya kile tulichokizungumza mwanzo. Rehani kata vijiti, vitie kwenye kikombe cha maji, vitatoa mizizi dirishani. Mpapai hauhamishwi ukishazaa, usihangaike. Kula mapapai, kausha mbegu.

Nimekuwa nikiuzunguka mndimu. Nao tuufikie.

Mti wa miaka mitano mizizi yake imeshapita kivuli chake. Ukiuchimba mwisho wa Oktoba, mizizi midogo inayokunywa karibu yote inabaki Newala, unasafiri na shina na uzito wa majani, unafika kwenye joto, mvua iko zaidi ya mwezi mmoja mbele. Ungeuona ukifa taratibu mbele ya mlango wako mpya, wiki sita, na ungejilaumu kwa mwezi. Sitakudanganya kwa sababu umeniomba.

Lakini ndimu yetu hii ndogo ina siri ambayo naipenda. Mbegu moja mara nyingi hutoa miche miwili au mitatu, na mingi ya miche hiyo haikuchanganyika na chavua ya mti mwingine. Imetokana na mwili wa mti mama peke yake. Kwa hiyo ukiotesha mbegu za mndimu wako, unaotesha mndimu wenyewe, uleule uliopandwa mwaka ule. Chuma ndimu 20 zilizoiva mpaka zimegeuka njano. Usikaushe mbegu, mbegu ya ndimu ikikauka inakufa. Zibebe ndani ya tunda lenyewe. Ukifika kata, suuza utelezi, sia siku hiyohiyo kwenye vikopo vyenye mchanga na samadi iliyooza, kina cha ukucha wa kidole gumba hivi. Ndani ya wiki mbili mpaka nne zitachungulia. Kuzaa ni miaka mitatu hadi sita, sikufichi. Kwenye kikopo chenye miche miwili au mitatu, ule mdogo wa ajabu ajabu unaotofautiana na wenzake ndio wa kung'oa.

Kama aliyenunua kiwanja ni mtu wa kuzungumzika, zungumza naye kabla hajaleta shoka. Kuna watu wanaosafisha kiwanja kwa mazoea tu na mndimu unaozaa wangeuacha wakiambiwa. Akikubali, Januari mvua ikiwa imekolea uje uchune gome pete moja kwenye tawi la unene wa kidole, ulizungushie maranda mabichi, ulifunge kwa nailoni vizuri. Baada ya wiki nane mpaka kumi utaona mizizi kupitia nailoni, unakata tawi na mizizi yake unaondoka nalo. Hilo linazaa mapema kuliko mbegu.

Kuhusu kusafirisha, nina aibu yangu. Nilipohama Nachingwea kuja Lindi nilipakia miche 40 ya mipapai na pilipili juu ya lori, nikaimwagilia vizuri, nikakaa mbele na dereva nikiwa na raha zangu. Sikuifunika. Jua halikuiua, iliuliwa na upepo wa njia nzima. Tulipofika majani yalikuwa yamekuwa kama karatasi ya sigara. Basi wewe vyako viweke ndani ya ndoo na maboksi, katikati ya magodoro, ufunike kwa kanga bichi na turubai juu, na kirikuu kikisimama popote tia mkono ndani usikie kama kanga bado ni bichi.

Nachingwea penyewe palinifundisha. Pale ndipo Waingereza walipoleta sehemu ya ule mpango wa karanga, 1947 mpaka 1951, na matrekta, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo, na reli. Walikuja na kila kitu isipokuwa subira ya kuujua udongo na mvua ya mahali. Reli iling'olewa, Mtwara kata ya Reli imebaki na jina. Nisiendelee, nikianza habari za karanga siachi.

Kwa hiyo Mikindani usilime tuta lolote mwezi wa kwanza. Vipando vyako vya kuanzia vikae kwenye ndoo zilizotobolewa, viroba (hivyo 12 vimepata kazi) na mapipa yaliyokatwa nusu, udongo ununue au uchote mbali na pwani, changanya na samadi iliyooza. Huku ukiangalia ukuta upi unatoa kivuli saa nane, na upepo unaingilia wapi. Matuta utayajenga juu ya ardhi, usichimbe kwenda chini kwenye mawe: majani, samadi, majivu kidogo sana au yasiwepo kabisa.

Hilo la majivu nalisema kwa sababu udongo wa matumbawe una chokaa nyingi tayari, na majivu yanaongeza kulekule. Kwenye chokaa nyingi mimea inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Majani machanga yanageuka njano na mishipa inabaki kijani. Ndimu na jamii yake huumia sana hapo, na chumvi pia hawaitaki. Ndiyo maana miche yako ya ndimu isiende ardhini kabla hujapima. Na kipimo utakuwa nacho kwenye kikapu. Ile asubuhi ya kwanza chukua udongo kiganjani, mkavu, kutoka pembe ile unayoitamani kwa mndimu. Kata ndimu moja ya Newala, ikamulie pale juu, sogeza sikio. Ikichemka na kutoa povu, hapo mndimu ukae kwenye pipa. Ikikaa kimya, jaribu pembe ya pili na ya tatu, uniandikie ni ipi iliyonyamaza.

Bibi Shamba, Lindi